Kompyuta Kongwe Inapogoma Kuingia Intaneti: Anzieni Karibu



Leo tumeweka kando mapishi na malezi ili tuzungumzie chombo ambacho kimekuwa sehemu ya samani za nyumba zetu nyingi, nacho ni ile kompyuta kongwe iliyo pembeni mwa sebule, na hasa siku inapogoma kuingia kwenye intaneti.

Mwezi uliopita tulikwenda kumpa pole mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye yumo katika eda. Mume wake alifariki ghafla, Mwenyezi Mungu amrehemu. Binti yao mkubwa, ambaye ameolewa na anaishi Uingereza, hakuweza kuja kumzika baba yake, kwa kuwa alikuwa na mimba ya miezi minane na daktari alimkataza kupanda ndege. Siku chache kabla ya sisi kufika, binti huyo alikuwa amejifungua salama. Mama na mwana walisikizana sauti kwa simu, lakini kuonana nyuso hawakuonana. Macho ya mama yana mtoto wa jicho, na kioo kidogo cha simu humwonyesha kivuli tu. Zamani, wakati wa uhai wa marehemu, walikuwa wakionana kila Ijumaa jioni kwa kompyuta ya mezani yenye skrini pana, ambayo marehemu aliinunua mwishoni mwa mwaka 2009, mwaka ule ule ambao nyaya mpya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa.

Siku tuliyokwenda, kompyuta ile tuliikuta imefunikwa leso. Tulipouliza, mama alitujibu kwa sauti ya chini, “Imekufa na mwenyewe.”

Fundi mmoja alikuwa ameshaitwa. Aliitazama kwa muda wa dakika kumi, akasema kwamba mashine hiyo imepitwa na wakati, haiwezi tena intaneti ya siku hizi, na kwamba inunuliwe nyingine ya shilingi 35,000. Mama alikuwa ameanza kufikiria kuuza bangili zake.

Kabla ya adhana ya magharibi siku ile, mashine ile ile ilikuwa ikifungua tovuti, na gharama yote haikufika shilingi 200. Hatulisimulii jambo hili kwa kujisifu, la hasha. Sisi wenyewe tulihangaika kwa saa mbili kabla ya kulitambua kosa, na aliyelitambua hatimaye alikuwa ni mtoto. Tunalisimulia kwa sababu limetufunza kwamba hitilafu ya intaneti hutafutwa kwa utaratibu, kuanzia karibu kwenda mbali, na kwamba utaratibu huo unaweza kufuatwa na mama yeyote aliye nyumbani kwake kabla hajatoa pesa wala kumwita mtu asiyemjua.

Intaneti hufika nyumbani kama yafikavyo maji ya mfereji. Maji yakikosekana, mwenye busara havunji ukuta kwanza. Huuliza kama jirani ana maji, kisha hutazama tangi, kisha koki, na mwisho kabisa ndipo hushuku bomba lililo ukutani. Hivyo ndivyo tulivyofanya, na hivyo ndivyo tunavyowaomba mfanye.

Je, ni kompyuta au ni nyumba nzima?

Swali la kwanza ni kama hitilafu iko kwenye kompyuta au iko kwenye intaneti yenyewe. Chukueni simu iliyounganishwa na waifai ya nyumba, mzime kwanza bando la simu, kisha mfungue tovuti yoyote. Kuzima bando ni sharti. Simu ikikosa waifai huvuta bando kimyakimya, nanyi mkadhani kwamba intaneti ya nyumba ni nzima kumbe sivyo.

Simu nayo ikikosa, basi kompyuta haina lawama. Tazameni kwanza kama malipo ya mwezi yamekwisha, maana mkataba ukifika mwisho taa za ruta huendelea kuwaka kama kawaida ilhali hakuna kinachopita. Kisha tazameni taa zenyewe. Nyumba nyingi za mjini sasa huletewa intaneti kwa waya wenye uzi wa kioo, na ndani ya uzi huo hupita mwanga. Kwenye kisanduku chake kuna taa ambayo aghalabu huandikwa herufi LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki. Huenda waya umekatika barabarani, au huenda ni kabati lililosukumwa ukutani likaukunja. Uzi wa kioo haupendi kukunjwa kwa ghafla, wala haufungwi kwa utepe ukapona. Unyoosheni taratibu, na taa ikibaki nyekundu, pigieni kampuni yenu.

Ikiwa taa ni njema, zimeni ruta kwenye soketi, hesabuni nusu dakika, kisha muiwashe na kuisubiri kwa dakika tano. Msibonyeze kile kitundu kidogo cha nyuma kinachohitaji ncha ya sindano. Kitundu hicho hufuta mipangilio yote, pamoja na neno la siri, na kuirejesha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani.

Katika nyumba ya mama yule, simu zote zilikuwa zikipata intaneti bila taabu. Kwa hiyo tulijua kwamba hitilafu iko baina ya ruta na kompyuta, au ndani ya kompyuta yenyewe.

Waya, taa na chumvi ya bahari

Kompyuta ile ilikuwa imeunganishwa kwa waya. Nyuma ya mashine, pale waya unapoingia, kuna vitaa viwili vidogo vya kijani au vya manjano. Vikiwaka na kumetameta, waya ni mzima na ruta inasikika. Visipowaka, chomoeni waya pande zote mbili na mchomeke tena mpaka msikie mlio mdogo wa kufunga. Kile kijiulimi cha plastiki kinachoushika waya huvunjika upesi, na kikivunjika waya hulegea hata kwa upepo wa feni.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, naye ni hewa yenye chumvi. Madini ya shaba yaliyo ndani ya tundu hufanya ukungu wa kutu, hasa kifaa kikikaa muda mrefu bila kutumiwa. Kuchomoa na kuchomeka waya mara tano au sita hupangusa ukungu huo. Tazameni pia kama panya ameutafuna waya nyuma ya kabati, na kama mna waya mwingine, jaribuni huo kabla ya kushuku jambo lolote.

Wale wanaotumia kompyuta ya kukunja na waifai watazame kwanza swichi. Kompyuta nyingi za miaka ile zina swichi ndogo ubavuni au kitufe katika safu ya juu ya kibodi chenye picha ya mnara. Mtoto akikigusa, waifai huzimika, na nyumba nzima hutafuta kosa mahali lisipokuwapo.

Waifai ambayo kompyuta kongwe haiioni

Msomaji wetu mmoja wa Lamu aliwahi kutuuliza kwa nini simu yake mpya inaiona waifai ya nyumbani ilhali kompyuta yake haioni hata jina. Jibu ni kwamba ruta za siku hizi hutoa waifai ya aina mbili. Moja hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na nyingine hutumia gigahezi 5. Ya pili ina mwendo wa kasi zaidi lakini hudhoofika upesi inapokutana na ukuta. Ya kwanza ni ya polepole lakini hupenya zaidi. Kompyuta nyingi za zamani huijua ya kwanza peke yake. Ikiwa ruta imepangwa kutoa ya gigahezi 5 tu, kompyuta kongwe haitaliona jina lake hata ikiwekwa mezani pamoja nayo. Dawa ni kuiwasha ile ya 2.4 katika mipangilio ya ruta, au kuiomba kampuni iwawashie.

Kadhalika, ikiwa kompyuta inaliona jina lakini inakataa neno la siri mnalolijua kuwa ni sahihi, huenda ruta inatumia ulinzi mpya uitwao WPA3, ambao mashine za zamani hazikufundishwa. Ruta irejeshwe kwenye WPA2, nayo itaafikiana na wote.

Na tusizisahau kuta zetu. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji wa Kale na Lamu, zina kuta nene zinazomeza waifai kama zinavyozuia joto la mchana. Ruta iliyo orofani haiwezi kulaumiwa kwa kutofika chumba cha ndani cha chini. Katika nyumba kama hizo, waya mrefu mmoja una manufaa kuliko ruta mbili ghali.

Je, kompyuta imepewa anwani?

Vitaa vya mama yule vilikuwa vikimetameta. Tukaingia katika hatua ya tatu, ambayo wengi huiogopa bure. Katika kompyuta za Windows, bonyezeni kwa pamoja kitufe chenye nembo ya Windows na herufi R, andikeni cmd, kisha mbonyeze kitufe cha kuingiza. Litatokea dirisha jeusi. Ndani yake andikeni ipconfig na mbonyeze tena.

Yatatoka maandishi mengi. Tafuteni mstari wenye namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, mbele ya neno IPv4. Namba hizo ndizo anwani ya kompyuta ndani ya nyumba yenu, na ruta ndiyo inayoitoa. Zikianza na 192.168, kwa kawaida mambo ni mema. Zikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa anwani ya kubuni. Hapo zimeni vyote viwili, muwashe ruta kwanza, na ikishatulia ndipo muiwashe kompyuta.

Anwani ikiwa njema, andikeni ping 8.8.8.8 katika dirisha lile lile. Ni kama kugonga mlango wa mbali na kusikiliza kama kuna mtu. Majibu manne yakirudi na idadi ya milisekunde, intaneti inafika kwenye kompyuta yenu. Kisha andikeni ping google.com. Ikiwa namba ilijibu lakini jina halikujibu, kilichokosekana ni daftari la majina. Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa namba, na kila mkiandika jina la tovuti, kompyuta huuliza kwanza daftari hilo liipatie namba yake. Daftari la kampuni yenu likilala, wekeni katika mipangilio namba 8.8.8.8 au 1.1.1.1, ambayo ni madaftari ya hadharani yasiyotozwa ada.

Kwa mama yule, namba ilijibu, na jina likajibu. Intaneti ilikuwamo ndani ya mashine. Hata hivyo, kila tovuti tuliyoifungua ilitupa ukurasa wa onyo kwa Kiingereza, kwamba muunganisho huu hauna usalama. Fundi aliuona ukurasa huo akasema mashine ni kongwe. Sisi tuliuona tukaanza kushuku virusi. Tulisoma mstari wa kwanza tu, kama alivyofanya yeye.

Saa iliyorudi nyuma

Mjukuu wa mama, kijana wa miaka 12, alikuwa amesimama nyuma yetu. Akauliza, “Nyanya, mbona hapa pameandikwa mwaka 2009?”

Tukatazama pembe ya chini ya kulia. Kweli, kompyuta ilidhani kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009. Tukarudi kwenye ule ukurasa wa onyo, safari hii tukausoma wote hadi chini. Humo, mistari michache baada ya pale tulipoishia, palikuwa pameandikwa kwamba tarehe ya kompyuta huenda si sahihi.

Sababu yake ni hii. Kila tovuti yenye usalama hubeba cheti cha kuithibitisha, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, hulinganisha siku hizo na saa ya kompyuta. Kompyuta iliyo katika mwaka 2009 ikionyeshwa cheti cha mwaka huu, huona cheti ambacho siku yake ya kuanza bado haijafika, na hukikataa. Kivinjari kilikuwa kikitimiza wajibu wake kikamilifu. Kilichokosea ni saa. Sisi ambao siku yetu hupangwa kwa adhana tano tunaelewa vyema. Mwenye saa iliyotangulia hufungua saumu kabla ya wakati, na anaweza kuapa kwamba hakukosea.

Lakini kwa nini saa ilirudi nyuma sasa, baada ya miaka yote ile? Mama ndiye aliyetupatia jibu. Siku ya msiba, sebule ilisafishwa ili kutandika mikeka ya wanawake waliokuja matangani. Kompyuta ilichomolewa ikapelekwa ghalani, ikakaa huko zaidi ya wiki tano. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ambayo kazi yake ni kuitunza saa wakati mashine haina umeme. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, umeme wa soketi huisaidia betri hata kompyuta ikiwa imezimwa. Betri hii ilikuwa imekufa zamani, pengine miaka kadhaa, wala hakuna aliyejua kwa sababu kompyuta haikuwahi kuchomolewa kwa muda mrefu.

Betri hiyo huandikwa CR2032, ina volti 3, na hupatikana kwenye maduka ya saa na ya vifaa vya umeme. Kijana alitumwa dukani. Alipokuwa njiani sisi tulichomoa waya wa umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili kumaliza umeme uliobaki, tukafungua ubavu wa mashine kwa bisibisi, na tukashika kwanza chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani, maana umeme mdogo ulio mwilini huweza kudhuru vifaa hivyo. Betri imekaa wazi kwenye ubao mkuu, imeshikwa na kijisimbo cha chuma. Hutolewa kwa kukisukuma kijisimbo hicho kidogo, na mpya huwekwa upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama nje. Kompyuta za kukunja ni ngumu zaidi kufunguliwa, na hizo tunashauri apewe fundi.

Baada ya hapo tuliiwasha mashine, tukaweka tarehe, mwaka, na majira ya Nairobi. Hapa tunawatahadharisha jambo moja. Kompyuta haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Saa tatu yetu ya asubuhi ni saa 9 kwake, na saa tatu yetu ya usiku ni saa 21. Anayeweka 3 kwa kuwa ndivyo tusemavyo huiacha saa ikiwa imekosea kwa muda wa saa sita.

Tovuti zikafunguka, moja baada ya nyingine.

Tuongeze neno kuhusu betri hizi, nalo ni zito kuliko habari yote ya intaneti. Betri ya sarafu ikimezwa na mtoto huweza kuchoma koo lake la chakula ndani ya saa mbili. Hata ile iliyokufa kwa saa bado ina nguvu ya kumdhuru mtoto. Ya zamani ifungwe kwa utepe mara moja na kutupwa mahali mtoto hafiki. Mkishuku kwamba mtoto ameimeza, msimtapishe wala msingoje dalili. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Saa ikiwa sahihi na bado tovuti zinakataa

Hapo ndipo umri wa mashine unapohusika kweli. Vyeti tulivyovitaja hutegemea vyeti vya msingi vilivyohifadhiwa ndani ya kompyuta, navyo pia huisha. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi duniani kilifika mwisho wa muda wake, na vifaa vingi vya zamani ambavyo havikuwa vimesasishwa vikaanza kukataa tovuti zilizokuwa zikifunguka jana yake.

Kompyuta yenye Windows 7 iliacha kupokea masahihisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na ile ya Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kivinjari cha Internet Explorer kiliachwa na wenyewe tarehe 15 Juni 2022, kwa hiyo anayekitumia hadi leo asishangae. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Chrome nayo iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7. Firefox iliendelea kutoa toleo maalumu kwa mashine hizo kwa muda mrefu zaidi, tena hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti vya msingi, na ndiyo maana mara nyingi hufungua tovuti ambazo vivinjari vingine katika mashine ile ile vimezikataa.

Tunapaswa kusema ukweli wote. Mashine isiyopokea tena masahihisho ya usalama inafaa kwa kuonana na jamaa, kusikiliza darsa na kusoma. Haifai kwa benki wala kwa kuhifadhi nakala za vitambulisho. Mwenye uwezo na anayepata kijana mwaminifu wa kumsaidia anaweza kuwekewa mfumo wa bure kama vile Linux Mint, ambao hupokea masahihisho na huenda vyema kwenye mashine nyingi za zamani zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Kabla ya kufanya hivyo, picha na barua zote zihamishwe kwanza kwenye diski ya nje.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Mafundi waaminifu wako wengi, nasi tunawaombea baraka. Lakini kompyuta ya nyumbani ni kama kabati la chumbani. Ndani yake mna picha za harusi za mabinti zetu, sauti za wazee wetu, na barua ambazo hazikuandikwa ili zisomwe na mgeni. Ikilazimu kumwita fundi, mmoja wa wanaume wa nyumba akae naye mpaka amalize. Ikilazimu mashine itoke, picha zihamishwe kwanza. Neno la siri la barua pepe halihitajiki kwa kutengeneza intaneti, kwa hiyo asipewe. Na mtu akiwapigia simu bila kuitwa, akidai kuwa anatoka kampuni ya intaneti na kuwataka muweke programu itakayompa uwezo wa kuiona skrini yenu, kateni simu.

Mwambieni fundi mlichokwisha kukitazama, kwamba simu zinapata, vitaa vinawaka, anwani ni hii, namba imejibu, jina halijajibu. Fundi mzuri atafurahi, kwa kuwa mmemwokolea muda. Fundi anayesema “nunua mpya” bila kuuliza hata moja kati ya hayo, mshukuruni kwa adabu na mtafute mwingine.

Ijumaa iliyofuata mama alitupigia simu baada ya isha. Alikuwa ameketi mbele ya ile skrini pana, na binti yake alimsogeza mtoto mchanga mpaka uso ukaijaza yote. Alituambia kwamba mtoto ana paji la uso la babu yake. Bangili bado anazo.

Tunawaomba wasomaji wetu ambao kompyuta zao zimefunikwa leso wazifunue wiki hii, waanze kwa kutazama tarehe iliyo pembeni, kisha watuandikie walichokiona. Maswali yenu tutayajibu katika ukumbi huu, inshallah. Na wale wenye wazazi wazee wanaoishi peke yao wawafanyie uchunguzi huu wao wenyewe watakapokwenda kuwaamkia, kwa maana wazee wengi hunyamaza wakidhani kwamba kosa ni lao.